Mpira Uliong'aa Chini ya Taa

Kabla ya kuhamia Sydney nilikuwa karani wa benki Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha saini za hundi na zile zilizokuwa kwenye faili, na niliifanya kwa miaka tisa. Huku hakuna benki iliyonitaka. Nikaishia kwenye ghala moja la Blacktown, napanga maboksi kwenye rafu, na huko ndiko nilikokutana na mzee.

Alikuwa msimamizi wa zamu yetu, Mzungu wa hapahapa aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja wakati wa chai nilimwambia kwamba karatasi ya kupokelea mzigo haikusainiwa na dereva tuliyemzoea, kuna mtu kaiiga saini yake. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha: mtu anayeandika jina lake mwenyewe, kalamu hutua ikiwa tayari inakimbia, na huondoka ikiwa bado inakimbia. Anayeiga huchora. Husita kwenye kona, wino ukajikusanya pale. Akaniuliza Jumamosi nina shughuli gani.

Jumamosi hiyo nilikuta chumba kizima nyumbani kwake kimejaa mipira ya besiboli. Ni mipira midogo ya ngozi nyeupe yenye mshono mwekundu, inayoenea kiganjani, na kila mmoja ulikuwa ndani ya kisanduku cha kioo na saini ya mchezaji fulani juu yake. Besiboli sikuijua hata kidogo. Saini nilizijua, na hilo lilimtosha.

Kwa miaka sita nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha jinsi wino wa zamani unavyozama kwenye ngozi na kugeuka kahawia. Alinifundisha pia kutumia taa ya mwanga wa zambarau: unafunga mapazia, unamulika mpira, na ukiwa wa zamani kweli unabaki umefifia. Ngozi na uzi wa viwanda vya baadaye vina dawa ya kung'arisha, kwa hiyo vinawaka kama shati jeupe lililotoka kufuliwa. Watu walituletea mipira yao kutoka Bankstown, wengine kutoka mbali zaidi, na wengi waliondoka wameinamisha vichwa. Mzee hakumzungusha mtu. Alisema, "Si halisi," kisha akaenda jikoni kumchemshia chai.

Mpira mmoja tu hatukuwahi kuupima. Ulikuwa wa baba yake. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, wanajeshi wa Kimarekani walipokuwa Sydney, mmoja wao alimpa baba yake mpira wenye saini ya mchezaji mkubwa kuliko wote wa enzi zile. Hivyo ndivyo baba alivyomsimulia, na ndivyo mzee alivyowasimulia wageni. Mapenzi yake yote ya kukusanya yalianzia hapo.

Kisha akapata saratani ya kongosho. Mke wangu anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Westmead, na aliponieleza ugonjwa huo unavyokwenda nilielewa kwamba hatuna muda. Nilipokwenda kumwona wodini, mzee alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa baridi.

"Uchukue mpira wa baba," alisema. "Uupime vizuri, kama wa mtu baki. Halafu uje uniambie."

Niliupima Jumapili mchana, mapazia yamefungwa, mke wangu amesimama mlangoni. Nilipowasha taa, uzi uliwaka. Ngozi nayo iliwaka. Mpira ule ulitengenezwa miaka mingi baada ya vita, wakati mchezaji yule alikuwa amekwisha kufa. Saini yenyewe ilikuwa imechorwa, tena vibaya. Karani wa wiki ya kwanza angeikataa.

"Utamwambia nini?" mke wangu aliuliza.

"Alichoniuliza."

"Mume wangu, mimi nawaona kila siku. Mtu akifika pale alipofika yeye, hahitaji tena kujua kitu. Mwache aende na baba yake."

Nilimsikiliza. Hadi leo simlaumu, maana alisema kwa huruma, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Kesho yake nilikaa pembeni ya kitanda nikasema, "Ni halisi, mzee."

Akauliza, "Uzi uliutazama?"

"Niliutazama."

"Ulikuwaje?"

Nikasema ulikuwa umefifia. Alifumba macho. Nilidhani amepata usingizi, lakini alikuwa anakusanya pumzi.

"Niliupima mwenyewe mwaka aliokufa baba," alisema. "Sijamwambia mtu yeyote. Si mke wangu, si binti yangu. Nimeubeba ukweli huu peke yangu muda wote, na nilitaka mtu mmoja anisaidie kuubeba. Nilidhani ni wewe."

Nilianza kuomba radhi. Aligeuza uso ukutani na kunyanyua vidole kidogo, kama anavyofanya mtu anayetaka taa izimwe. Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena; mara zote mbili nesi aliniambia mzee hataki wageni. Alifariki Ijumaa.

Baada ya mazishi binti yake alinifuata kwenye maegesho ya kanisa. Aliniomba niandike hati ya uthibitisho kwa ajili ya mpira wa babu, ili wanawe wawe nayo. Nilikuwa nimelala vibaya wiki nzima, nimeapa kwamba sitasema tena uongo juu ya kitu kile. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na kwamba baba yake alijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuambia haya lini?"

"Hospitalini."

"Mimi nililala kwenye kiti pale siku kumi na moja," alisema. "Hakuniambia. Kwa nini wewe unaniambia leo, udongo wake bado mbichi?"

Alisema afadhali ningeandika ile karatasi nikanyamaza, na kwamba nisifike tena nyumbani kwao. Mume wake alimshika bega, wakaondoka.

Miezi kadhaa baadaye niliuona mpira ule kwenye mnada wa mtandaoni, pamoja na mkusanyo mzima. Maelezo yalitaja vita, wanajeshi na baba, neno kwa neno kama mzee alivyokuwa akisimulia, na hati ya uthibitisho ilikuwepo, imesainiwa na mtu nisiyemjua. Niliikuza picha. Mtu huyo aliandika jina lake bila kusita.

Nilianza kuwaandikia waendesha mnada. Niliandika sentensi tatu, nikazifuta, nikaandika mbili, nikazifuta pia. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni ninafanya nini. Nikamjibu sifanyi kitu.

Taa bado ninayo, aliniachia siku alipostaafu. Watu hunipigia simu mara mojamoja wakitaka niwaangalizie mipira yao. Nawaambia macho yangu hayaoni vizuri siku hizi.