Kengele ya Mjomba

Mjomba wangu hufunga na kukagua betri za akiba za mitambo ya kengele za moto, zile zinazoamka umeme ukilala. Kazi ya heshima sana: anakata umeme wa mtambo, anaijaribu kengele kwa betri, inapasua masikio jengo zima, na hakuna anayejisumbua kuinua kichwa. "Ni yule mzee na vibetri vyake," husema wahasibu. Meneja naye alishamwonya: umeme ukikatika, moto uwake na kengele isilie, kazi hana.

Juzi umeme ulikatika kweli, na punde kengele ikalia. Wahasibu wakatulia tuli. Mmoja akafoka, "Mjomba, zima bwana, tumeshasikia!"

"Nizime nini, mwanangu?" Mjomba akauliza kutoka kiti cha pembeni, kikombe cha chai mkononi. "Si niko hapa nanyi?"

Wakatazamana. Kisha ngazi zikawa nyembamba ghafla. Hata wagonjwa wa magoti walipona palepale. Kule stoo, mshumaa aliouwasha meneja mwenyewe ulikuwa umewasha makaratasi.

Moto ulipozimwa, Mjomba alimsogelea meneja kwa adabu zote. "Bosi, kengele umeisikia, au nijaribu tena?"