Mlinzi Aliyeacha Ngazi

Kazini walimwita Mama Misiba, na hakukasirika, maana jina lilimkaa. Katika ile kampuni ndogo ya kadi za kuchezea, yenye vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kazi yake ilikuwa kuua watu. Kila kadi ilikuwa na picha, namba za nguvu, na chini kabisa mistari miwili ya hadithi. Picha zilikuwa za mchoraji. Mistari miwili ilikuwa yake.

Nchi aliyoitunga ilikuwa ya kutisha kwelikweli. Mfalme aliyeogopa kuzeeka alikuwa amelizima jua, mazao yakaozea shambani, tauni ikaingia mjini bila kupiga hodi. Wapiganaji wa farasi walikwisha kula farasi wao. Watawa waliuza mifupa ya watakatifu, na mifupa ilipokwisha wakaanza kutazamana. Vijana walizipenda kadi hizo kufa na kupona, wakabishana vijiweni juu ya nani alimsaliti nani utadhani wanabishania ukoo wao wenyewe. Anayedhani watu wanataka hadithi za furaha hajawahi kuuza kadi.

Ofisi ile ilikuwa na desturi zake. Kilichochapishwa hakifutwi, ukimuua mtu kwenye kadi, amekufa, hata bosi alie. Mchoraji naye hakuweza kutoa sura kichwani, alitaka picha ya mtu halisi, kwa hiyo kila mmoja alileta picha za nyumbani. Kwenye kadi, mjomba wa bosi alikuwa mnyongaji. Mke wa mchoraji alikuwa mchawi wa kinamasi, na hajui mpaka leo. Na siku ya kufunga toleo, kabla kazi haijapelekwa kiwandani, simu zote zilitiwa kwenye debe la biskuti, mlango wa chini ukafungwa, na bawabu akaambiwa asipandishe mtu, kwa sababu siri za hadithi zilikuwa zinavuja.

Mama mzazi wa Mama Misiba alifariki siku kama hiyo.

Alikuwa ameugua muda mrefu, akilala chumba cha mbele nyumbani kwa mwanawe mkubwa, kaka yake Mama Misiba, fundi wa friji, mtu mpole wa maneno machache. Zamu ya mchana ilikuwa ya kaka. Shangazi yao alipofika kumjulia hali mgonjwa, alimkuta ameshakata roho, yuko peke yake, mlango umerudishiwa tu. Kaka alirudi baadaye jasho linamtiririka. Alipoulizwa alikuwa wapi, akasema, "Nilitoka kidogo." Basi. Jirani wa upande wa pili wa ukuta akatia chumvi kwenye kidonda: alimsikia akimwambia mama, "Narudi sasa hivi."

Tangu msiba ule shangazi hakuitikia tena shikamoo ya kaka. Ndugu wengine wakafuata, maana shangazi ndiye mkubwa aliyebaki, na akinuna yeye, ukoo mzima unanuna. Mama Misiba hakumgombeza kaka yake. Alifanya baya zaidi: alimtia kwenye kadi.

Aliiita Mlinzi Aliyeacha Ngazi. Malkia mzee amelala juu ya mnara, ana tauni, na mlinzi mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye ngazi. Mlinzi anaondoka, panya wanapanda. Chini ya picha akaandika: "Narudi sasa hivi, alisema. Malkia alimwamini mpaka panya walipofika." Mchoraji alipotaka sura, akampa picha ya kaka yake bila kupepesa macho. Aliiandika kwa raha, tuseme ukweli, ile raha chafu ya kukwangua kidonda.

Kadi ikavuma kuliko zote. Vijana wakayageuza yale maneno kuwa utani: mtu asiyetimiza ahadi anaitwa Narudi-sasa-hivi, na kijiwe kizima kinacheka. Bosi alinunua keki. Mama Misiba hakuwaza hata siku moja kwamba vijana wa karakana za friji nao hucheza kadi.

Jumamosi moja asubuhi kaka alikuja kwake. Alikuwa hajaikanyaga nyumba ile tangu mazishi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai, akatoa kadi mfukoni na kuiweka mezani. Kona moja ilikuwa na grisi.

"Wamenionyesha kazini," alisema. "Wanasema huyu nimefanana naye. Nikawaambia watu tunafanana tu duniani."

"Kaka..."

"Ni ile picha ya harusi yako. Huu mkono mliokata hapa ulikuwa umemshika mama."

Mama Misiba alikuwa na maneno makali aliyoyatunga zamani kwa ajili ya siku hii, akayaacha. Likabaki swali moja, ambalo kumbe hakuwahi kumuuliza.

"Siku ile ulikwenda wapi?"

Kaka akaigeuza kadi kifudifudi. "Tuyaache, mdogo wangu."

"Siyaachi. Mama kafa peke yake. Niambie ulikuwa wapi."

"Nilikuja kukuita wewe."

Akaeleza polepole, macho sakafuni. Mama alikuwa ameamka akamtaka binti yake. Niitie, alikuwa anasema, niitie. Kaka akapiga simu, ikaita mpaka ikakata, akapiga tena na tena. Akaona si mbali, atakimbia na kurudi naye. Chini ya ofisi bawabu akamwambia leo hapandi mtu. Akamsihi, akasema mama anazidiwa. Bawabu akamjibu kwamba hawa wapenzi wa kadi kila mmoja huja na uongo wake, juzi mmoja alidai nyumba inaungua.

"Basi nikasimama barabarani nikakuita. Niliita sana. Halafu mtu akafunga dirisha."

Mama Misiba aliikumbuka ile kelele. Alikuwa akitafuta neno la mwisho la kadi ya mwisho, kuna mtu anapayuka huko chini, na neno likawa linamkimbia. Aliyefunga dirisha alikuwa yeye. Na zile simu alizozikuta baadaye alipoitoa simu yake kwenye debe, siku zote alidhani zilikuwa za kumpa taarifa ya msiba. Akaushika ukingo wa meza.

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii?"

"Ningesema, ungeishi vipi? Ulikuwa hata maji hunywi. Nikaona mimi nina mabega, acha nibebe." Akaitazama ile kadi. "Sikujua tu kama utakuja kuniongezea."

Mama Misiba akamwambia atakwenda kwa bosi, kadi iondolewe. Kaka akacheka bila furaha. Zimejaa mitaani, nani atazikusanya? Dada yake akasema basi ataandika nyingine, ya kumsafisha mlinzi.

"Iandike," kaka alisema. "Lakini shangazi hachezi kadi."

Hilo lilimwingia. Alikuwa amezoea kuinyoosha dunia kwa mistari miwili. Akachukua simu. Kaka alipoona anampigia nani, akanyoosha mkono kumzuia.

"Usifanye hivyo. Atakugeukia wewe."

"Anigeukie."

Shangazi alipokea upesi, vyombo vikigongana nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi. Siku ile mama anafariki, kaka hakumtelekeza. Mama alinitaka mimi, kaka akaja kuniita kazini. Alinipigia sikupokea. Akaniita barabarani, nikamfungia dirisha. Mama amekufa ananingoja mimi."

Vyombo vikanyamaza. Alisubiri kutukanwa, na angeshukuru.

"Yupo hapo?" shangazi aliuliza hatimaye.

"Yupo."

"Mpe simu. Wewe nitakutafuta siku nyingine."

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Akageukia ukutani, mtu mzima mwenye mvi, mabega yakaanza kumtikisika kabla hajatoa neno. "Shikamoo, shangazi," alisema. Na kwa mbali, ndani ya simu, Mama Misiba akasikia, "Marahaba, mwanangu."

Walizungumza muda mrefu. Yeye alikwenda jikoni, akasimama karibu na mlango, akingoja aitwe. Hakuna aliyemwita.