Wimbo Ambao Haukutakiwa Kusikika

Giyanto hula pecel, mboga za mchuzi wa karanga, kibandani kwangu kila asubuhi akitoka zamu, na kila asubuhi simu yake hukaa kando ya sahani, kioo juu, asije akapitwa na ujumbe. Mwaka wa tisa huu. Kazi yake ya mshahara ni kupakia marumaru kwenye malori. Kazi yake ya moyoni ni kutengeneza muziki wa kompyuta, ule usio na mwimbaji, na kuutuma kwa lebo za Ulaya, yaani kampuni za muziki, ili ziutoe kwa jina lake. Mimi muziki wenyewe siuelewi, nasema kweli. Kwangu ni kama mtu anagonga mlango na hafunguliwi.

"Leo wamejibu?" humuuliza.

"Bado, Mama."

"Labda wamekufa."

"Lebo arobaini zote?"

Utaratibu wao alinieleza mpaka nikaujua. Unatuma wimbo mmoja kwa lebo moja, kwa linki ya siri. Unangoja wiki sita. Wasipojibu, ndiyo jibu lenyewe. Unabadilisha jina la lebo kwenye barua, unaanza upya. Linki huonyesha wimbo umesikilizwa mara ngapi, na ya Giyanto mara nyingi ilisoma sifuri. Hapo ndipo nilipokuwa naumia. Mtu akionja pecel yangu akasema mbaya, sawa, tutagombana. Lakini kukataa bila hata kuonja! Na sharti lao kubwa kuliko yote: wimbo uwe haujawahi kusikika popote.

Mwaka jana alitengeneza mmoja, akauhangaikia miezi minane. Mkewe, Rukmini, yuko Taiwan anaogesha wazee wa watu, na alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba amechoka kuwa mke wa mtu anayengoja barua. Giyanto akamwahidi kwamba huo ndio wa mwisho. Ukikataliwa, anauza kompyuta, anafungua banda la kuoshea pikipiki. Najua kwa sababu simu hiyo aliipokelea kwangu, na kibandani kwangu hakuna siri.

Sasa nije kwenye kosa, ambalo ni langu.

Nilikuwa naozesha Winarsih, kitinda mimba wangu. Kwetu jirani akiwa na harusi huendi mikono mitupu. Huyu analeta nazi, yule anafunga hema, mwingine anashinda jikoni kwako siku tatu. Kasdi, mwenye lori la maspika, alileta lori lake, maspika yamepangwa mpaka yanakaribia nyaya za umeme. Giyanto hana minazi. Nikamwambia, "Wewe lete wimbo."

Kijiko kikasimama. "Nitaleta mchele, Mama."

"Mchele ninao tele. Nataka wimbo mpya, ambao hakuna mwanamke hapa aliyewahi kuupiga kwenye harusi ya mwanawe."

"Mpya ninao mmoja tu. Na lebo bado hawajajibu."

"Basi huo huo. Harusi ya huku mashambani, Mzungu gani atasikia?"

Kijana wa kwetu hamkatalii mama jirani mara mbili, nami nililijua hilo nilipokuwa nikisema. Akampa Kasdi wimbo kwenye flashi, akamsihi aufute ukishapigwa. Kasdi akaapa. Kasdi hajafuta kitu tangu azaliwe, hata picha za mke wake wa kwanza bado anazo.

Mwezi haukuisha, wimbo ukawa kwenye kila lori la maspika wilayani. Wanawake wa mazoezi ya Ijumaa waliurukia. Muuza barafu aliupiga. Ukaitwa Wimbo wa Kasdi, na Kasdi hakumsahihisha mtu.

Jumanne moja Giyanto akaja na buti za kazini, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akaniwekea simu usoni.

"Wanautaka, Mama."

Nililia. Mikono imejaa mchuzi wa karanga, nikajifuta machozi kwa bega. Aliponisomea mstari wa mwisho ndipo nikanyamaza. Walitaka athibitishe kwamba wimbo haujapigwa wala kuwekwa popote.

"Andika haujapigwa," nikamwambia.

Akagusa simu mara mbili tatu, akanionyesha. Nilikuwa mimi. Mimi na kebaya yangu, blauzi ya harusi, mbele ya maspika ya Kasdi, natikisa mabega sina habari, na chini yangu watazamaji laki tatu. Winarsih ndiye aliyeiweka video hiyo mtandaoni. Nikampigia, akaifuta papo hapo. Zikabaki video za wengine zenye wimbo huo huo, na moja ilikuwa ya bata wanaogelea.

"Danganya tu, mwanangu. Niachie mimi dhambi."

"Watauona kabla hata hawajatuma mkataba."

Akaandika ukweli, mistari miwili. Miaka tisa huyu mtu anangojeshwa wiki sita sita, lakini jibu hili lilifika chai yake ikiwa bado moto. Walisikitika, kwa adabu sana. Anakaribishwa kutuma mwingine.

"Nitukane," nikamwambia. "Nitukane basi kidogo, nipumue."

"Nimechoka, Mama. Siku nyingine."

"Utatuma mwingine?"

Aligeuza simu kifudifudi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akala vijiko viwili. Halafu akauliza, "Hivi siku ile walicheza?"

Ndipo nikakumbuka kwamba hakuwepo. Harusi ilikuwa Jumapili, naye alipangiwa zamu. Wilaya nzima ilikuwa imeurukia ule wimbo, na mwenyewe, ukiacha kwenye simu, hajaona mtu hata mmoja akiucheza.

"Walicheza," nikasema. "Ngoja nikusimulie."

Nikaanza. Mdundo ulivyoingia na vioo vya madirisha yangu vikalia. Baba wa bwana harusi, mtu mkavu yule, alivyovua viatu. Wapishi walivyoacha wali ukaungua, na hakuna aliyegomba. Nilipofika kwa bibi harusi kukunja sketi, nikageuka nimwone anacheka. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, kijiko mkononi.

Nikamwondolea kijiko. Kisha nikakaa, nikamsimulia mpaka mwisho.