Vichupa Vitatu vya Kijani

Niliposhuka kwenye bodaboda Ngumbo, kando ya ziwa, nyanya za kikundi cha akina mama zilikuwa zimelala zikiwa bado mbichi kabisa. Mmea wenye kiu hulegea mchana, jua likipoa ukasimama tena. Hizi zilikuwa zimelegea tangu alfajiri. Niling'oa mche mmoja nikatazama mizizi: ya hudhurungi, imeanza kuoza. Nilijua miche ile ilikotoka. Ilitoka Litembo, milimani, kwenye kitalu cha mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Kazi yangu ni kutambua vimelea vya udongoni vinavyoshambulia mizizi ya mboga na kuvipanga katika makundi yake. Ukilieleza hilo kwenye harusi, watu wanahama meza. Lakini siku ile wanakikundi walinizunguka wote. Niliomba glasi ya maji safi, nikakata kipande cha shina na kukining'iniza majini kwa uzi. Kama ni ukungu, maji hubaki safi. Kama ni bakteria, hutoka nyuzi nyeupe mfano wa maziwa. Zilitoka, zikateremka taratibu hadi chini ya glasi.

"Eeh," akasema mwenyekiti wa kikundi, akiinama. "Sasa inamtaja nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wanakiona. Glasi, maji, uzi, kimya: kumbe kwa macho yao nilikuwa napiga ramli.

"Haimtaji mtu, mama. Inataja bakteria tu."

"Na huyo bakteria katoka wapi? Kama ni wa udongo wetu, sawa, tutapanda mahindi. Kama kaja na miche ya yule mama wa Litembo, asituletee tena. Na wenzetu wa pwani yote hii tutawaambia."

Nilimjibu kwa jeuri ya kitaalamu kwamba vipimo vya maabara vitasema. Sikumwambia kwamba yule mama wa Litembo ni mama yangu. Kitalu kile ndicho kilichomlisha, ndicho kilichonisomesha, na jina lake lilikuwa limeshuka mlima pamoja na miche hadi ziwani.

Bakteria hawa wa mnyauko ni wa aina zaidi ya moja. Wapo waliozoea joto la huku chini, na wapo wa baridi ya milimani, ambao husafiri ndani ya viazi mviringo. Ngumbo hakuna anayepanda viazi. Kwenye hadubini hutawatenganisha hata ukeshe. Unawatenganisha kwa chakula. Unapanga vichupa sita, kila kimoja na sukari yake, vyote vikiwa na rangi ya kijani. Bakteria wakila, kichupa kinageuka njano. Vitatu vya mbele huliwa na aina zote mbili. Vitatu vya nyuma huliwa na wale wa joto peke yao.

Siku ya tatu, vya mbele viligeuka. Vya nyuma, kimya.

Nikaanza kuvitembelea kama mgonjwa aliyelazwa. Kila nilipofika kazini nilivipeleka dirishani, nikavigeuza, nikavirudisha. Mwenzangu akanitania, "Hivyo vichupa unavichumbia?" Sikucheka. Nilikuwa naomba, naona haya kusema, naomba Mungu awape bakteria hamu ya kula. Wiki ya pili kimoja kilionekana kufifia kidogo. Nikaandika "njano" kwenye daftari. Nilikaa nalitazama neno lile kwa aibu, kisha nikalikata kwa mstari na kuandika "kijani". Nikarudia kipimo chote upya na mimea mingine niliyotoka nayo Ngumbo. Wiki ya nne, vitatu vya nyuma vilikuwa kijani vilevile: bakteria walikuwa wa milimani.

Nilipanda Litembo siku ya kazi. Nilipofika ukingoni juu ya bonde nikasimama. Kitalu kilikuwa chini, karibu na kijito. Juu yake, shamba lake la viazi. Niliyemwambia akihamishie pale ni mimi, nikiwa na cheti kipya, ili asiteseke kubeba maji. Na mteremko ule wa viazi haukuwa na ngoro. Ngoro zingeyashika maji ya mvua kwenye mashimo yake. Yalikuwa matuta, na matuta yaliyaachia maji yakatiririka moja kwa moja kwenye miche.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo, nani kafa?"

Nilimweleza yote, pamoja na ushauri wangu. Alinisikiliza huku akiendelea kumwagilia, hadi debe likaisha.

"Kwa hiyo nifunge."

"Ufunge, mama. Nyanya na viazi, vyote."

"Mpaka lini?"

"Miaka mitano. Pengine zaidi."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi nimestaafu." Kisha akaniambia nimsubiri abadilishe kitenge, twende Ngumbo tukawaambie wenyewe.

Njiani nilitunga sentensi yangu: kitalu kilihamishwa kwa ushauri wangu. Niliirudia kimoyomoyo mpaka ikanyooka. Lakini tulipoketi na kikundi, yeye ndiye aliyesimama kwanza.

"Ugonjwa umetoka kwangu," alisema. "Niliweka kitalu mahali pabaya. Nisameheni, wenzangu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ndivyo vipimo vilivyosema, mtaalamu?"

Mama mdogo alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kunikataza. Nilikuwa na ajira ya kuilinda, na niliujua woga wangu vizuri kuliko nilivyowajua bakteria wote niliowahi kuwapanga.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ndivyo vilivyosema."

Walinishukuru mmoja mmoja kwa kushika mkono wangu. Wakanifungia usipa mkavu, dagaa wa ziwani, wa kutosha mwezi mzima. Mama mdogo walimpita, isipokuwa mmoja aliyemuaga kwa mbali. Kwenye gari la kurudi alinipokonya kile kifurushi, akakipakata mwenyewe safari nzima ya kupanda mlima, eti nisije nikanuka samaki kazini.