Wiki Mbili Nilizomnyima Nyar Kisegi

Nakumbuka asubuhi moja mjini Ndhiwa, mwanangu, na laiti kumbukumbu zingekuwa na mlango, hiyo ningeifungia nje.

Nilikuwa kijana mwenye duka dogo la uchapishaji. Kazi yetu kubwa ilikuwa programu za mazishi, maana huku kwetu mtu anaweza kuishi bila kuandikwa popote, lakini hazikwi bila kijitabu chenye picha yake. Nilikuwa pia na shahada. Tasnifu yangu ilihusu umuhimu wa kuwafundisha wafanyakazi kazini, na profesa aliisifu sana. Nakuambia hili ujue kwamba mtu anaweza kuandika kurasa themanini asielewe hata mmoja.

Mfanyakazi wangu alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Alinipigia chapa miaka sita. Kabla hajagusa kitufe, aliwauliza wafiwa: nani aliolewa kwanza, mtoto yupi ametangulia mbele za haki, yupi ni wa nyumba ipi. Wateja walipoanza kutaka rangi na picha nyingi, alinijia.

"Omera, ndugu yangu, nipeleke Homa Bay nikajifunze hiyo ya kupanga picha. Wiki mbili tu."

"Nikikufundisha, si utafungua duka lako hapo ng'ambo ya barabara?" nikamwambia, nikicheka. Yeye hakucheka.

Hofu ndiyo iliyosema, mwanangu; kicheko kilikuwa kanzu yake tu. Nikaajiri fundi mwenye diploma kutoka Nairobi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kompyuta aliijua kweli, sitamsingizia. Nyar Kisegi nikamhamishia meza ya nyuma, akunje karatasi na kuzibana pini.

Asubuhi hiyo alikuwa akibana programu za mzee aliyeacha wake wawili. Akasimama na nakala mkononi.

"Hapa mke mdogo yuko mbele. Mke wa kwanza mmemweka mwisho, chini ya wajukuu."

Fundi akaeleza bila kuinua macho kwamba picha ya mke mkubwa ilikuwa na ukungu, ingeharibu ukurasa wa mbele.

"Mama, wewe bana pini tu," nikasema. "Wenyewe wako njiani."

Akabana. Zote.

Kule mazishini, wana wa nyumba kubwa walizikusanya programu wakazitia moto. Ndugu wakatukanana jeneza likiwa juani. Mke mkubwa akabaki nyuma ya nyumba yake, na mumewe akazikwa bila yeye kusimama kaburini. Mazishi hayana toleo la pili.

Wiki iliyofuata bibi huyo aliingia dukani polepole, ameshika programu iliyoungua pembe. Nikaanza kuomba radhi na kumtupia fundi lawama. Akanikatiza.

"Nyathina, mtoto wangu, hapa nani anajua boma letu?"

Nikamwonyesha Nyar Kisegi kule nyuma.

"Aliona?"

"Aliona."

"Akasema?"

"Alisema. Nikamwambia abane pini tu."

"Basi sishangai. Mimi nilitangulia kwa yule mzee, mkaniweka nyuma. Huyu alitangulia kwako, naye umemweka wapi? Karatasi yako imefuata duka lako tu."

Jioni nikamwambia Nyar Kisegi aende Homa Bay, kwa nauli yangu. Alikuwa ameshakunja leso yake.

"Omera, ulininyima nilipokuwa na hamu. Naenda Kisegi kwa dada yangu, tuanike omena, vile visamaki vya ziwani. Omena hawaulizi diploma."

Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya miezi michache fundi naye alipata kazi Kisumu, akaenda bila kuaga. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilibaki sakafuni. Duka nikalifunga. Siku hizi naandika insha, kazi isiyohitaji mfanyakazi wala, inavyoonekana, mteja.

Nyar Kisegi alipofariki, programu yake ilichapishwa kwingine. Ilisema alikuwa muuza omena. Ile miaka sita ya chapa haikupata hata mstari.

Sasa nasikia wewe, na duka lako la dawa za mifugo huko Migori, unatafuta mtu mpya anayejua mambo ya chanjo na kuuza kwa simu. Mwanangu, kabla hujabandika tangazo, geuka umtazame anayekuuzia leo. Muulize anachokijua, kisha asichokijua, na hicho cha pili ukilipie. Mpe siku za kujifunza ambazo mshahara haukatwi. Akikosea, usimgeuze hadithi ya kuchekesha wateja. Na ukilazimika kuleta mgeni, waketishe pamoja wafundishane. Fundi wangu na yule mama wangekaa meza moja asubuhi moja tu, pasingewaka moto. Huenda akajifunza kisha akaondoka. Aondoke. Afadhali akuache akiwa na ujuzi kuliko akae nawe amekata tamaa.

Mungu akujalie wateja walio hai. Akupe watu wenye ujasiri wa kukuambia umekosea, na akupe wewe moyo wa kusimamisha kazi uwasikilize, hata kama mwenye haraka yuko mlangoni.