Ng'ombe wa Mahari na Ukuta wa Chokaa

Kwetu Kisanga chokaa tupu hatupaki. Ukiipaka hivyo hivyo, mgeni akiegemea ukuta anaondoka na nusu ya nyumba mgongoni. Dawa yake ni chumvi. Unaloweka chokaa kwenye pipa, inatokota yenyewe bila moto, ikipoa unamimina chumvi ya mawe na kukoroga. Ni chokaa na chumvi tu, lakini ikikauka inashika, na nyumba ya udongo inang'aa kama jino la mtoto.

Wiki ya mahari yangu mama aliimimina chumvi kwa hasira. Kijana mwenyewe hana neno, alisema, tatizo ni kwao: wafugaji wa upande wa Magole. Mwaka mmoja ng'ombe wa watu wengine kabisa walilifyeka shamba lake la mahindi, na tangu hapo, kwa mama, mfugaji ni mfugaji. Baba alishakubali. Mama akawa anapaka ukuta huku amenuna.

"Waje, nitawasikiliza," alisema. "Kukubali ni jambo lingine."

Bila neno lake nisingeolewa, na mimi yule mwanamume nilimpenda hadi chakula kilikuwa hakipiti.

Jumamosi wakaja. Mimi na shangazi tulikuwa chumbani, tunachungulia dirishani. Salamu zilikwenda vizuri, ng'ombe wakashushwa kwenye fuso na kufungwa pembeni mwa nyumba, wazee wakakaribishwa uani. Mshenga ndiyo kwanza anakohoa aanze maneno yake, tukasikia kitu kinakwaruza. Lo! Ng'ombe wa mahari wamejipanga ukutani, wanaramba chumvi ya mama pamoja na chokaa yake, macho wameyafumba kwa raha. Kila ulimi ulipopita, udongo ulikuwa nje.

Nilijua nimekwisha. Baba wa mchumba wangu alisimama, kofia mkononi.

"Mama, utusamehe sana, wanyama hawa..."

Mama alishika fimbo, akatoka mbio, kanga ikimfunguka.

"Tokeni hapo! Mtaungua matumbo! Chokaa ni ya kula hiyo?"

Hakumpiga hata mmoja. Fimbo ilianguka huko, akawa anawasukuma kwa viganja, na kwa upindo wa kanga yake mpya akamfuta mdomo jike mmoja mwekundu. Kisha akamgeukia yule mzee, bado anahema.

"Mmewatoa Magole mpaka huku bila kuwaonjesha hata chumvi? Mnyama mpaka ale nyumba ya watu?"

"Ni kosa letu, mama," mzee akasema, ameinamisha kichwa. "Tulikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Haya, leteni maji wanywe." Akajifunga kanga vizuri. "Na huyu mwanangu mkimchukua, msije mkamtunza hivi."

Shangazi akanifinya mkono, halafu akapiga kigelegele pale pale dirishani, kabla mshenga hajasema hata neno lake moja.