Herufi Tatu za Marehemu

"Nikishachonga jina lako mimi, hata malaika hakuombi kitambulisho."

Maneno hayo Patasi aliyatamka kinyozini, mbele ya watu tisa na mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa. Kazi yake ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi, na mdomo wake ulishindana kelele na nyundo, nyundo ikawa inashindwa. Lakini mkono wake wa kulia, hapo tusimwonee. Ulilisha mke, watoto wanne na mama mkwe asiyejua maana ya kushiba.

Wiki hiyohiyo akaingia karakanani Bucha, muuza nyama, aproni ina damu mpaka magotini.

"Tumemzika mzee juzi. Andika YAKOBO. Ukiandika vingine, huo mkono nauning'iniza dukani pamoja na mapaja."

Hata vumbi lake halijatulia, akaingia Welda, mchomelea vyuma, mdogo wake Bucha, baba mmoja mama mbalimbali. Shavu lilikuwa limevimba kama andazi. Makaburini kaka yake alimtandika sepetu, na jino lake moja likazikwa na marehemu.

"Andika YAKUBU, fundi. Ndivyo mama alivyomwita. Ukikosea, nina moto wa kuviunganisha hivyo vidole vitano viwe kimoja."

Marehemu ndiye aliyeyataka haya. Kwa mke mkubwa aliitika Yakobo, kwa mke mdogo Yakubu, na kazini walimwandika Jemsi. Akafa bila kusema yeye ni yupi kati ya hao watatu.

Patasi akajifungia na daftari lake la majina. Jina hilo la marehemu alilijua tangu shina. Lilianzia kwa Waebrania, katika habari ya mtoto aliyetoka tumboni ameng'ang'ania kisigino cha pacha wake, na neno lao la kisigino limo humohumo ndani ya jina. Wagiriki wakalichukua wakalitia mkia, Walatini wakalipokea kwa Wagiriki, Waingereza nao wakalitafuna mpaka likatoka Jemsi, mjukuu ambaye babu yake angepishana naye njiani bila salamu. Kwetu lilipiga hodi milango miwili: kwa Waarabu likaingia Yakubu, kwa Biblia likaingia Yakobo. Mtu ni yuleyule, amebadili shati tu.

Kisha akakumbuka jambo lililomfanya apige paja kwa furaha. Waandishi wa kale wa Kiebrania hawakuandika irabu. Waliandika konsonanti nne, moja ya kooni ambayo sisi hatuna, na msomaji akajitilia a, o na u zake. Ukiitoa ile ya kooni, zinabaki tatu. Kama wenye jina hawakuandika O wala U, yeye ni nani ajitie kimbelembele? Akazichonga kwa kina, kwa mapenzi: Y K B.

Ndugu wale wakafika siku moja bila kuambiana. Bucha akalitazama jiwe.

"Hii nini, namba ya gari?"

"Ni maandishi ya kale, kaka. Kila mtu anasoma baba yake."

"Umemhonga wewe," Bucha akamgeukia mdogo wake, na ngumi ikafika kabla ya jibu.

Welda akaenda chini. Alipoona teke linamfuata, akadaka kisigino cha kaka yake kwa mikono miwili, akavuta. Bucha akaanguka kifudifudi, kidevu kikagonga kona ya jiwe, damu ikatiririka ndani ya K. Wakabiringishana kwenye changarawe, wanatafunana masikio, wanatukanana mama zao, kila mmoja wa kwake akimwacha salama.

Mtu mwenye akili angekimbia. Patasi akacheka.

"Hapohapo. Kisigino. Hilo ndilo jina la baba yenu."

Wakaachiana. Wakainuka pamoja, wakapangusa damu pamoja. Tangu wazaliwe hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa, lakini kuhusu mkono wa fundi hawakubishana. Welda akaulaza juu ya jiwe, akakikalia kiwiko. Bucha akaokota nyundo ya Patasi mwenyewe.

"Lisome," akasema.

"Jamani, ndugu zangu."

"Umesema linasomeka. Soma."

Patasi akawaangalia, mmoja anasubiri O, mwingine anasubiri U. Likamtoka "Yak", likakwama hapo kama lori lililoishiwa mafuta.

Nyundo ikashuka mara tatu. Irabu ikatoka yenyewe, ndefu, ikasikika mpaka kinyozini, na haikuwa O wala U.

Hospitali daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga. Vidole viwili vitabaki vimepinda, akasema, na cha kati hakitakunjika tena. Kazi ya patasi aisahau, atafute nyingine.

Plasta ya kushikilia mifupa, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, ni shilingi elfu sitini, akamalizia.